Daftari la wiki: Chungu hana mnyapara

Kichwa cha dagaa ukutani

Mvua zikishika, sisimizi huhamia jikoni. Akina mama wa mtaani kwetu wanazijua dawa zake: miguu ya kabati la chakula inasimamishwa ndani ya makopo ya maji, sukari inafungiwa kwenye chupa ya kukaza, majivu yanamwagwa kizingitini. Wiki hii mvua imepiga usiku kucha, na asubuhi niliwakuta wamebeba kichwa cha dagaa wanakipandisha ukutani. Hawa wanavuta, hawa wanasukuma, mzigo unazunguka, unarudi nyuma, kisha unapata njia.

Wako watu waliolipima jambo hili. Mwishoni mwa 2024, Ofer Feinerman na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walieleza shindano waliloliandaa kati ya sisimizi na binadamu. Mzigo wenye umbo la herufi T ulipaswa kupitishwa katika vyumba vitatu vilivyotenganishwa na milango miwili myembamba, kila upande ukipewa mzigo wa kimo chake. Mtu mmoja alimshinda sisimizi mmoja kwa mbali. Walipoingia makundi, mambo yakageuka. Sisimizi kadiri walivyokuwa wengi ndivyo walivyofanya vizuri, kwa sababu kundi lilishika mwelekeo mmoja na kuukumbuka. Watu waliokatazwa kuzungumza wala kupeana ishara hawakufaidika na wingi wao. Walikimbilia njia iliyoonekana ya mkato, na safari nyingine sisimizi waliwashinda.

Kwa hiyo daftari la wiki hii nimewaachia chungu.

Majeruhi wanabebwa

Kusini mwa Sahara, kutoka Senegali hadi Afrika Kusini, yupo chungu mweusi mkubwa ambaye wanasayansi wanamwita Megaponera analis. Chakula chake ni mchwa tu. Mara kadhaa kwa siku mamia yao hutoka kwa msafara, huvamia mchwa na kurudi na mawindo. Askari wa mchwa nao si wa kuchezewa: wanakata miguu, wengine wanang'ang'ania mwilini hata baada ya kufa.

Erik Frank, mtafiti kutoka Ujerumani, aliwafuatilia chungu hawa katika Hifadhi ya Taifa ya Comoé, Côte d'Ivoire. Mwaka 2017 yeye na wenzake walionyesha kwamba aliyeumia hutoa harufu ya kuomba msaada, na wenzake humbeba hadi nyumbani. Mwaka uliofuata walionyesha kinachoendelea huko ndani: wauguzi hulilamba jeraha kwa muda mrefu. Waliokosa huduma hiyo walikufa 80 katika kila 100 ndani ya saa 24. Waliohudumiwa walikufa 10 tu. Mwaka 2023 ikajulikana zaidi. Chungu hawa hulitambua jeraha lililoingiwa na vijidudu, na hulipaka ute wenye dawa unaotoka kwenye tezi iliyo kifuani mwao.

Lipo pia jambo zito. Aliyepoteza miguu mitano hajikunji ili abebwe. Hupapatika na kukataa kushikwa, na msafara unaondoka bila yeye. Aliyeumia kidogo hutulia, hukunja miguu, hubebwa. Hakuna anayesimama kando kuamua nani aokolewe. Hali ya majeruhi mwenyewe ndiyo inayoamua.

Huko Florida, Marekani, chungu wa jamii nyingine wamefika mbali zaidi. Utafiti uliotoka 2024 ulionyesha kwamba mwenzao akijeruhiwa pajani, humkata mguu mzima kwa meno, na wengi wa waliokatwa wanapona. Akijeruhiwa chini, kwenye muundi, hawakati. Wanasafisha tu, kwa kuwa huko maambukizi husambaa upesi na kukata kungechelewa. Ukataji wenyewe huchukua dakika 40 au zaidi, na mgonjwa hutulia mpaka kazi iishe.

Wanaojitenga

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, sote tulijifunza kukaa mbalimbali, na tulibishana sana. Miaka miwili kabla ya hapo, jarida la Science lilikuwa limechapisha habari za chungu weusi wa bustani wa Ulaya. Watafiti waliwabandika alama ndogo ili kompyuta imfuate kila mmoja, kisha wakawapaka baadhi ya watafutaji chakula mbegu za ukungu unaoua wadudu. Waliopakwa walizidisha muda wa kukaa nje ya kiota kabla hata hawajaugua. Wasiopakwa nao walibadilika: wauguzi waliwasogeza watoto ndani zaidi, na makundi yakapunguza kuchanganyikana. Malkia na wauguzi vijana wakapata kinga kubwa kuliko wote.

Katika habari zote nilizosoma wiki hii, hii ndiyo iliyonigusa zaidi. Aliyebeba hatari ndiye aliyesogea pembeni kwanza.

Askari wa mnazi

Mkwezi yeyote wa pwani atakwambia habari za maji moto, maana ndio wanaomlaki juu ya mnazi. Wana rangi ya hudhurungi, miguu mirefu, na wakiuma wanamwaga tindikali juu ya kidonda. Wakwezi wanawachukia, na wana haki yao.

Kiota chao lakini ni kazi ya kutazamwa. Vibarua hujipanga ukingoni mwa jani na kulivuta jani la pili. Likiwa mbali, mmoja humshika mwenzake kiunoni, na huyo mwingine, hadi mnyororo wa chungu ufike ng'ambo. Majani yakikutana, wengine huleta mabuu, yaani watoto wao, wakiwa wamewashika mdomoni, na kuwapeleka huku na huku mithili ya mshoni anayepitisha uzi. Hariri inayotoka kwa watoto hao ndiyo inayoyaunganisha majani. Mtu mzima hana hariri hata kidogo. Nyumba yote inashonwa kwa mali ya watoto.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza Michael Way alichunguza Unguja kwa nini vidaka vilikuwa vinapukutika kabla ya kuwa madafu. Mharibifu alikuwa mdudu wa jamii ya kunguni anayevifyonza, ambaye baadaye alipewa jina la kisayansi la Pseudotheraptus wayi kwa heshima yake. Penye maji moto wengi, mdudu yule hakustawi, na minazi ilizaa. Watafiti wa Tanzania wameendelea na njia hiyo, hadi kwenye mikorosho, ambako maji moto huwawinda wadudu wanaofyonza machipukizi na korosho changa. Nayo si elimu ya jana: maandishi ya China yanayotajwa kuwa ya mwaka 304 yanaeleza viota vya chungu wa ukoo huohuo vikiuzwa sokoni ili vitundikwe kwenye michungwa.

Adui mkubwa wa maji moto minazini ni chungu mwingine, mdogo sana, ambaye askari wake wana vichwa vikubwa visivyolingana na miili yao. Wataalamu wanamwita Pheidole megacephala. Anajenga chini, kwenye udongo na mizizi, na anapotawala yeye maji moto hawapandi, na kunguni wa vidaka anapata nafasi. Jina hilo lishikeni, maana tutakutana naye tena mbali na bahari.

Simba aliyenyimwa maficho

Laikipia, Kenya, kuna migunga mifupi yenye miiba mirefu iliyovimba chini na kuwa vinundu. Upepo ukipita kwenye matundu yake, miti hupiga mbinja. Ndani ya vinundu wanaishi chungu. Mti huwapa nyumba na utomvu mtamu, nao huulinda. Tembo mwenye tani kadhaa akinyoosha mkonga kuvunja tawi, chungu humwingia puani na kumuuma ndani, palipo laini. Mwaka 2010 Jacob Goheen na Todd Palmer walithibitisha kwamba tembo hukwepa miti yenye walinzi hao.

Miaka ishirini hivi iliyopita, chungu mwenye kichwa kikubwa aliingia Laikipia. Aliwaua walinzi wa migunga, wakubwa kwa watoto, na yeye mwenyewe hana habari na kuulinda mti. Tembo wakaivunja migunga hiyo mara tano hadi saba zaidi ya mahali ambako hajafika. Nyika ikawa wazi.

Douglas Kamaru, mtafiti Mkenya, na wenzake walieleza katika Science ya Januari 2024 kilichofuata huko Ol Pejeta. Simba huwinda kwa kuvizia, na mgunga ndio uliokuwa unamficha. Pakiwa peupe, pundamilia anamwona kutoka mbali na kukimbia. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba waliochunguzwa. Kufikia 2020 walishuka hadi asilimia 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa, wakafika asilimia 42. Simba hawajapungua, lakini wamelazimika kupambana na mnyama mkubwa zaidi, mkali zaidi, anayeweza kuwaua.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mdudu asiyefikia punje ya mchele amebadilisha chakula cha simba.

Malkia mahakamani

Aprili 2025, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu wapatao 5,000, wengi wao malkia, ndani ya vichupa 2,244 vilivyotiwa pamba yenye unyevu ili wadumu safarini. Mwezi uliofuata mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12. Mtu mwingine kutoka Vietnam na Mkenya mmoja, waliokutwa na chungu zaidi ya 400, walipata adhabu hiyohiyo.

Wapo walioona mahakama imepoteza muda. Mimi naona ilifanya kazi yake. Miongoni mwa chungu hao walikuwamo Messor cephalotes, wavunaji wakubwa wekundu wanaokusanya mbegu za nyasi na kuuchimbua udongo, wanaotafutwa na watu wa Ulaya na Asia wanaofuga chungu katika masanduku ya kioo. Malkia wa chungu hupandwa katika kipindi kimoja tu cha ujana wake, huihifadhi mbegu ya dume mwilini, na huitumia maisha yake yote. Malkia mmoja wa chungu weusi wa bustani aliyefugwa Ulaya aliishi karibu miaka 29. Anayeondoka na malkia aliyekwisha kupandwa ameondoka na kiota kizima ambacho kingekuwapo mbugani. Na akimfungulia ugenini, Laikipia imekwisha kutuonyesha matokeo yake.

Ya haraka haraka

Wale wadudu wa kahawia, wanene mkiani, wanaogonga taa za barazani msimu wa mvua ni madume ya siafu. Malkia wao hana mabawa wala macho, na vibarua wote ni vipofu. Msafara wote unakwenda kwa harufu na kugusana.

Huko Tunisia, chungu wa jangwani hurudi shimoni kwake kwa kuhesabu hatua. Mwaka 2006 watafiti waliwaongezea baadhi yao miguu ya nywele ngumu za nguruwe; wakalipita shimo lao. Waliofupishwa miguu walisimama kabla ya kufika.

Hesabu iliyotolewa 2022 inakadiria chungu wote duniani kuwa trilioni 20,000. Kila binadamu anagawiwa milioni mbili na nusu.

Nani anatoa amri?

Deborah Gordon wa Chuo Kikuu cha Stanford amewafuatilia chungu wavunaji wa jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani tangu miaka ya 1980. Malkia wao hutaga tu, hamwagizi mtu. Mtafuta chakula husubiri karibu na mlango, akigusana na wanaorudi na mbegu. Wakirudi wengi upesi, naye anatoka. Wakichelewa, anabaki ndani. Siku za ukame, viota vinavyojizuia kutoka vinaokoa maji, na Gordon aligundua kwamba hivyo ndivyo vinavyoacha vizazi vingi.

Tumezoea kumhubiri chungu kwa ajili ya bidii yake. Kitabu cha Mithali, sura ya sita, kinampeleka mvivu kwake, lakini papo hapo kinasema chungu hana mkuu wala msimamizi, na sehemu hiyo tunaipita mbio. Katika Sura ya An-Naml, chungu anayetajwa hasifiwi kwa kubeba punje. Anawaonya wenzake waingie majumbani mwao kabla jeshi la Nabii Suleiman halijawakanyaga. Kwangu, hapo ndipo penye uzito. Bidii punda anayo. Anachotuzidi chungu ni kumwangalia aliye karibu naye, aliyeumia, anayeugua, anayechelewa kurudi, na kubadili mwendo wake kwa ajili hiyo bila kungoja kuamrishwa.

Ninachowaomba wenye mashamba ni kidogo: kabla ya kunyunyiza sumu, jua ni chungu gani. Mwenye kichwa kikubwa husafiri na miche na udongo wa bustani, basi kagua vyungu vya maua na viroba kabla ya kuvihamisha. Maji moto waachieni mnazi, na mkwezi alipwe zaidi kwa maumivu yake. Na Nanenane ijayo, kando ya mabanda ya matrekta na mbolea, ningependa pawe na mti mmoja wenye viota vyao, na mkulima wa minazi amesimama chini yake akiwaeleza watoto wa shule kazi wanayomfanyia.