Saa za Kungoja Nazo Zimo Ndani ya Safari

Katika soko la Kibuye, Kisumu, habari ya safari ya ng'ambo haifichiki. Mtu akipata viza asubuhi, kufikia jioni safu nzima ya vibanda inajua, na maswali yanaanza: tiketi ni pesa ngapi, umeruhusiwa kilo ngapi, omena ukiifunga vizuri itapita? Swali la saa za kungoja halimo. Watu wetu wananunua safari ya kwenda Manchester, Riyadh au Minneapolis wakijua saa ya kuondoka na saa ya kufika. Zile saa tisa, kumi na mbili au kumi na saba za katikati, katika uwanja wa ndege wa nchi ya watu, wanamwachia Mungu.

Mimi nauza viatu sokoni humu, upande wa barabara kuu iendayo Kakamega. Mitumba ndiyo iliyonifunza biashara, lakini viatu vipya vya kike navifuata mwenyewe Guangzhou. Faida ya jozi moja ni ndogo, kwa hiyo tiketi ninayonunua ni ya bei ya chini, yaani ile yenye kungoja kwingi. Viwanja vya Addis Ababa, Dubai na Doha nimevijua kwa kuvikalia. Ndiyo sababu majirani huniletea tiketi za mama zao niwasomee. Na ninayosema leo nayasema kwa uchungu, kwa kuwa wanaoumia zaidi katika kungoja huku ni wazee.

Mama mkwe wangu alikwenda Marekani kumsaidia binti yake aliyejifungua. Ni safari ya kawaida siku hizi. Nyanya wengi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wameivuka bahari kwenda kumwogesha mjukuu. Tiketi ilinunuliwa kwa simu na watoto walio huko, na iliwaokolea dola chache kwa kumlaza mama usiku mzima katika uwanja mmoja wa Ghuba. Alisukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka getini, akaachwa pale. Viti vilikuwa vya chuma, vyenye vyuma vya kuegemeza mikono katikati, kwa hiyo kujinyoosha hakuweza. Hakula, kwa sababu hakujua kama shilingi zake zinakubaliwa, na hakwenda msalani kwa saa nyingi kwa kuogopa kuacha mkoba wake. Alifika kwa wanawe miguu imevimba hadi viatu havivuliki. Ukumbi wa mapumziko wa kulipia, wenye sofa, chai, supu na bafu, ulikuwa ghorofa moja juu ya mahali alipokaa. Mwanawe mmoja alikuwa na kadi ya benki ambayo ingemnunulia nafasi humo akiwa bado Kisumu. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo, na aliyeuza tiketi hakulitaja.

Kumbi hizo za viwanja vya ndege, ziitwazo launji, zimejengewa sifa ya kuwa mahali pa wakubwa, na sifa hiyo ina asili. Ya kwanza inayotambulika ilifunguliwa na American Airlines mwaka 1939 katika uwanja wa LaGuardia, New York, ikaitwa Admirals Club, na kwa miaka mingi uliingia kwa mwaliko wa kampuni tu. Mtu akiiona milango ile ya vioo vya giza, na kijana wa suti mezani, anapita mbali. Lakini mambo yalibadilika zamani. Mwaka 1992 ilianzishwa Priority Pass, kadi inayofungua launji za makampuni mbalimbali bila kujali umekaa kiti gani ndani ya ndege, na baada yake zikaja nyingine za aina hiyo. Leo mwenye tiketi ya daraja la kawaida, aliyevaa ndala na kubeba mfuko wa Kibuye, ana haki ya kuingia nyingi ya launji hizo akilipa. Kwa kawaida bei huwa kati ya dola 30 na 60 kwa mtu mmoja.

Najua dola 30 ni nini kwa mama wa soko. Ni mtaji. Kwa hiyo simwambii kila mtu alipe, namwambia apige hesabu. Mtu anayengoja saa tatu hana haja ya launji. Atembee, anyooshe miguu, ajaze chupa yake maji kwenye bomba la kunywea, basi. Anayengoja saa kumi atakula mara mbili, atakunywa chai, atatafuta mahali pa kuchaji simu, na chakula cha uwanjani ukikibadilisha kuwa shilingi utashtuka. Nikikadiria vitu hivyo vyote pamoja, mara nyingi pengo kati yake na bei ya launji ni dogo, na launji inaongeza bafu, choo kisafi na mahali ambapo mzee anaweza kusinzia mkoba wake ukiwa karibu na watu wachache. Kwa kijana wa miaka ishirini na tano pengo hilo halifai kulipiwa. Kwa mwenye sukari, mwenye presha, mjamzito au mama aliye na mtoto mgongoni, nasema bila kusita: lipa.

Ila kuna mtego ambao wengi hawaujui. Launji nyingi hazikupi siku nzima. Hukuruhusu saa tatu, wakati mwingine nne, na nyingine hazikupokei mpaka zibaki saa tatu kabla ndege yako haijaondoka. Ukiwa na saa kumi na mbili za kungoja, ukaingia mara tu unaposhuka, utatolewa usiku wa manane ukiwa umeshalipa, urudi kwenye viti vya chuma. Hapo mimi huuliza kwanza kama nitapewa muda zaidi kwa nyongeza ndogo. Nikikataliwa, huzitunza zile saa tatu kwa wakati mwili unapozihitaji: nioge na kula kabla ya safari ndefu ya pili, na usingizi niutafute kwingine.

Na pa kuutafuta papo. Uwanja wa Hamad wa Doha, uliofunguliwa mwaka 2014, una vyumba vya utulivu visivyolipiwa, vyenye viti vya kujilaza, vya wanawake mbali na vya wanaume. Mama mkwe wangu angelala humo bila kutoa hata senti. Addis Ababa kuna jambo kubwa zaidi. Ethiopian Airlines huwapa hoteli na chakula abiria wanaongoja kati ya saa nane na ishirini na nne, ikiwa kampuni haikuwa na ndege ya mapema zaidi ya kuwaunganisha na ikiwa tiketi yenyewe inaruhusu. Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, kwa hiyo halipi chochote kutoka nje ya uwanja kwenda kulala. Emirates nayo ina mpango kama huo Dubai kwa tiketi zinazostahili, lakini lazima uombwe kabla ya safari. Mtu akifika mezani usiku bila kuwa ameomba, ataambiwa pole.

Kadi za benki nazo zina mambo. Benki zetu zinawauzia watu kadi za daraja la juu kwa ahadi ya kuingia launji, na ni kweli mlangoni zinakubalika. Kinachofichwa kwenye maandishi madogo ni idadi ya mara za bure kwa mwaka na gharama ya mgeni unayeingia naye. Ukizidisha, au ukiingia na dada yako, mlango hauulizi kitu. Makato huja mwisho wa mwezi kwa dola. Tena launji ikijaa, wenye kadi ndio wa kwanza kuzuiwa, kwa sababu abiria wa daraja la biashara wana nafasi yao tayari. Nimewahi kusimama mlangoni saa saba usiku na kadi yangu mkononi, nikaonyeshwa kibao kwamba nafasi zimeisha. Tangu siku hiyo, kama safari ni ya mzee, natafuta launji inayokubali kuwekewa nafasi na kulipiwa mapema kwa intaneti, hata kama ni ghali kidogo.

Tusisahau Nairobi, maana kungoja kwa mtu wa Kisumu huanzia hapo. Tunayo ndege ya chini ya saa moja kutoka uwanja wetu wa hapa, lakini wengi wetu tunapanda basi la usiku, tunashuka mjini alfajiri, na ndege ya kwenda ng'ambo ni ya usiku unaofuata. Siku nzima iko mikononi. Launji za Jomo Kenyatta, kama Pride na Simba za Kenya Airways, ziko ndani, ukishapita uhamiaji, na huwezi kupita uhamiaji kabla kaunta ya ndege yako haijafunguliwa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea saa tatu au nne kabla ya kuondoka. Hata uwe na kadi ya dhahabu, utakaa nje na masanduku yako. Kuna hoteli nzuri karibu na uwanja, lakini bei yake si ya wengi wetu. Wasichana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia nawaona wameketi sakafuni juu ya mifuko yao, wengine hawajala tangu jana. Hao ndio wanaotuletea fedha za kigeni zinazosifiwa kila mwaka bungeni.

Naiomba Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya ilitazame jambo hili. Si lazima liwe la anasa. Ukumbi upande wa nje wenye viti visivyo na vyuma katikati, kabati za kufungia mizigo, bafu, na chai ya bei ambayo mlinzi wa uwanja anaweza kuinunua, utawafaa watu wa Kisumu, Kakamega, Kisii na Turkana. Atakayetozwa shilingi mia tatu au mia tano kwa siku hatalalamika.

Wenzangu sokoni huniambia nadai makubwa, kwamba ndege haijawahi kumtunza abiria nje ya kiti chake. Si kweli, na mji huu wetu ni ushahidi. Imperial Airways ya Uingereza ilipoanza safari zake za Afrika mwaka 1931, njia ilipita Kisumu, na mwaka uliofuata ikafika Cape Town. Ndege za majini zilitua hapa ziwani, na abiria waliotoka upande wa Khartoum walibadilisha ndege Kisumu kabla ya kuendelea kusini. Kufikia 1937, ndege kubwa zaidi za majini zilikuwa zikitua katika maji haya haya. Safari ilichukua siku nyingi, na usiku walilala hotelini. Nauli yao ilijumuisha kitanda na chakula cha njiani. Walikuwa watu wachache na matajiri, sawa, lakini kanuni ilikuwa wazi: anayekuuzia safari ndefu anakuuzia pamoja na usiku wake.

Kanuni hiyo imepotea kwa njia isiyoonekana. Tiketi ilipozidi kuwa nafuu, usiku ulitolewa ndani yake na kuuzwa mbali, na mnunuzi hakuambiwa. Kwenye simu anaona bei mbili, moja ya chini na moja ya juu, na saa zimeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Anadhani amepata nafuu. Nafuu ile anailipa mama yake kwa magoti.

Sina ugomvi na tiketi ya bei ya chini, maana ndiyo inayoniwezesha kufanya biashara. Ninachopinga ni kimya cha muuzaji. Wakala wa Kisumu anayechukua komisheni anapaswa kumwambia mteja, kabla ya kupokea pesa, atangoja wapi, saa ngapi, kama hoteli inatolewa, na kama tiketi ni moja au ni mbili zilizoshonwa pamoja. Hili la mwisho ni zito. Tiketi zikiwa mbili tofauti, huenda mzee akalazimika kuchukua mizigo yake, kupita uhamiaji wa nchi asiyo na viza yake, na haki ya hoteli ikapotea papo hapo. Wakala anayelijua hilo na kunyamaza anamuuzia mtu taabu.

Nanyi watoto wetu mlio Minnesota, Texas, London na Doha, mnaowaita mama zenu waje wawaone wajukuu, tunajua mnajinyima ili kutuma tiketi. Kabla hamjabonyeza kulipa, tazameni saa za katikati. Zikizidi sita, ombeni hoteli kama inatolewa, au mlipieni launji mapema, mchapishe karatasi yenye jina la launji, ghorofa na saa, mumtumie mtu wa nyumbani aiweke ndani ya pasipoti yake. Kisha mpigieni simu, mumweleze kwa Kijaluo polepole kwamba pameshalipiwa, aingie, ale, alale.