Kumpumzisha mgonjwa wa saratani bila mshahara si huruma



Zipo kauli za upole ambazo ndani yake mna dhulma. Mojawapo ni hii: "Nenda kapumzike, ukipona tutakuita." Huambiwa mwalimu, muuzaji wa duka, dereva au dada wa kazi mara tu mwajiri anaposikia kuwa ana saratani. Hapewi barua wala mshahara, na mwezi wa pili nafasi yake ina mtu mwingine. Tajiri anajiona amehurumia, kumbe amefukuza.

Ukiuliza, utajibiwa kuwa wenzake wanamwogopa na kwamba kazi haiwezi. Tuyatazame yote mawili.

Saratani haiambukizwi kwa kikombe, sahani, choo, jasho wala kupeana mikono. Ni seli za mwili wa mtu mwenyewe zinazokua bila mpangilio. Hata kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi huenezwa kwa kujamiiana, si kwa kufanya kazi pamoja. Na anayetibiwa kwa mashine ya mionzi, kama ilivyo kwa wengi pale Ocean Road, Dar es Salaam, hatoki na mionzi ya kumdhuru jirani yake. Mwenye haki ya kuogopa ni yeye. Dawa nyingi za saratani hupunguza chembechembe nyeupe za damu, hivyo mafua yako madogo yanaweza kumlaza hospitali. Badala ya kumtengea kikombe, nawa mikono kwa sabuni, na ukiwa na kikohozi kaa mbali naye.

Ama kuhusu kutoweza kazi, hilo hupimwa, halikisiwi. Dawa hizo mara nyingi hutolewa kwa mizunguko ya wiki kadhaa, na wapo wanaofanya kazi kati ya mzunguko na mzunguko. Mwingine anahitaji tu kuondolewa mizigo mizito au kupewa ruhusa siku za kliniki. Muulize yeye, na kwa ridhaa yake pata ushauri wa daktari wake.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36, kwa mwenye cheti cha daktari. Siku 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ni kweli kwamba katika sababu za ubaguzi zilizokatazwa, ulemavu na UKIMWI vimetajwa kwa jina na saratani haikutajwa. Lakini mwajiri asidhani amepata mlango. Kabla ya kumwachisha mtu kwa maradhi, anatakiwa achunguze hali yake, amsikilize na atazame kama ipo kazi nyepesi. Aliyefukuzwa ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Basi mgonjwa, tunza nakala za vyeti na maombi yako yawe ya maandishi.

Kwetu Waislamu, nyuma ya Tume ipo Siku ya Hesabu. Surat Al-Maaidah inaanza kwa kuwaamuru waumini kutimiza mikataba, na ajira ni mkataba. Surat Al-Hujuraat inakataza dhana mbaya na kusengenyana, nasi tunaizungusha siri ya mgonjwa kazini kabla hajamaliza vipimo. Tunajua haki yake ya kutembelewa, tunakwenda na matunda. Lakini mshahara ndio nauli yake ya kliniki, chakula cha wanawe na kodi ya chumba akiwa ugenini kwa matibabu. Ukiukata, anakatiza tiba, na saratani haisubiri.

Ewe mwenye duka, mkuu wa shule, mama mwenye nyumba: ukiletewa habari hiyo, neno lako la kwanza liwe, "Nafasi yako ipo." La pili liwe, "Kliniki yako ni lini?"

Wabillahi tawfiq.