Senta Mrefu Aanze, Hata Kama Hafungi
Safu ya Mwanangara

Timu za shule na vyuo zinapochaguliwa, bishano la senta halikosi. Aanze yule mrefu anayezuia lakini kufunga hajui, au aliyepungua kimo mwenye kifua na mkono mwepesi? Wengi humweka mrefu benchi mpaka aive. Safu hii inasema aanze.

Ushahidi ni Mtanzania. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alianza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao vijana wa Marekani wameshaucheza miaka mingi. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, mita zake 2.21 hazikumfanya mfungaji: msimu wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2 tu. Kocha Jim Calhoun alimpanga hivyo hivyo, maana kila mechi alizuia karibu mitupo minne. Na mtupo mmoja ukizuiwa, mshambuliaji anayefuata husita kuingia chini ya goli. Kusita huko hakuandikwi kwenye karatasi ya matokeo, ila mechi hushindwa hapo.

Msimu wa tatu alifikisha pointi 13.6 na ribaundi 10.8, na Connecticut ikatinga nusu fainali ya taifa ya 2009. Kufunga alijifunzia uwanjani.

Wanaopinga nao wana siku yao. Februari 16, 2009, Thabeet akitimiza miaka 22, DeJuan Blair wa Pittsburgh, aliyezidiwa naye kwa kimo takribani sentimita 20, alimsukuma atakavyo, akaondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet aliambulia pointi 5. Hata NBA, Memphis ilipomchagua wa pili mwaka huo, aliyeanza ni Marc Gasol, mchezaji aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inahusu ajira. NBA hulipa anayejua tayari. Shule ipo kwa ajili ya anayejifunza. Kipigo cha Blair kinadai mazoezi ya nguvu na miguu, hakidai benchi.

Basi walimu wa michezo wa Ngara na Biharamulo, kijana wa Lukole anayeinama kupita mlangoni na bado anadondosha mpira, mpangeni dakika ya kwanza. Mpeni kazi moja, kulinda goli, na jioni mfundisheni kufunga.