Tumbo Bapa, Hipsi Pana: Amri Mbili za Simu Moja

Kuanzia Bunju hadi Saadani, mtu akikonda ataulizwa tu. Jirani atauliza, shangazi atauliza, muuza vitumbua naye hatanyamaza. Swali hilo lina historia. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walipoandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa Rakai, waliuita kwa jina ambalo wananchi walikuwa wameshaupa: "Slim". Tangu hapo, kukonda ghafla Afrika Mashariki humfanya mtu adhaniwe ana Ukimwi au kifua kikuu. Swali ni la huruma na limewahi kuokoa watu. Lakini binti anayemaliza sahani ya wali mbele ya wenzake, kisha akaingia chooni kujitapisha, haulizwi na mtu. Hakukonda. Pengine anasifiwa shepu.

Toleo hili linamhusu binti huyo, na wavulana wanaofanana naye, pamoja na simu iliyo mkononi mwao. Hoja ya mhariri ni hii: katika pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, simu haikuleta jicho la kukagua mwili. Jicho lilikuwepo. Simu imeliondolea mwisho wake na msimamizi wake.

Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyefanya kazi Bunju miaka ya 1960, alieleza kwa kina mila za Wazaramo, na katikati yake kuwekwa ndani kwa mwali, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970. Mwali alikaa ndani, mbali na jua na kazi, na alitarajiwa atoke amenawiri, kwa kuwa kunawiri kwake kulikuwa sifa ya nyumba iliyomtunza. Utaratibu huo hauna haja ya kupambwa; ulimfungia msichana ndani wakati wenzake wa kiume wanatembea. Hata hivyo ulikuwa na mhusika, kungwi anayejulikana kwa jina na kwa ukoo, tena ulikuwa na siku ya kutoka. Ngoma ikishachezwa, ukaguzi umekwisha.

Simu haina siku ya kutoka. Tazama video moja ya kawaida: tepu ya fundi cherehani imezungushwa kiunoni, namba inasomwa kwa sauti, inafuata chupa ya limau na tangawizi, mkanda wa kubana tumbo, na mwisho namba ya WhatsApp ya kuagizia. Video inayofuata inauza kinyume chake: vidonge vya kuleta hamu ya kula, hipsi na makalio. Watazamaji ni wale wale. Umbo namba nane linadai tumbo liwe bapa na hipsi ziwe pana kwa pamoja, na mwili mmoja unashindishwa njaa mchana ili ushindiliwe usiku.

Biashara hiyo ni kongwe kuliko video hizo. Dar es Salaam ilikuwa na "dawa za Mchina" za kukuza makalio kabla Instagram haijazaliwa mwaka 2010. Nje ya nchi, dawa ya maji iitwayo Apetamin ilisifiwa mitandaoni kwa wasichana wa Uingereza na Marekani. Ndani yake mna siprohetadini, dawa ya mzio inayoongeza njaa na usingizi, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeshaitolea onyo.

Kwamba vyombo vya habari hufika mpaka kwenye sahani si dhana tupu. Anne Becker wa Harvard aliwapima wasichana wa shule huko Nadroga, Fiji, mwaka 1995, televisheni ikiwa ndiyo kwanza imeingia. Hakuna aliyesema anajitapisha ili kudhibiti uzito. Aliporudi mwaka 1998, waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3. Tanzania Bara nayo ilipata televisheni mwaka 1994. Utafiti wa Kamryn Eddy na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafikia wasichana na wanawake zaidi ya 200 wa nchi hii kwa dodoso la Kiswahili, ukakuta kwamba waliokutana zaidi na vyombo vya habari na mitindo ya Magharibi ndio waliokuwa na dalili zaidi za ulaji wenye matatizo. Wakati huo simu janja ilikuwa bado.

Televisheni iliwaonyesha wote kitu kimoja. Simu humsoma mtazamaji, ikamwongezea kile alichokikodolea macho jana. Nyaraka za ndani za Facebook alizozitoa Frances Haugen mwaka 2021 zilionyesha kuwa asilimia 32 ya wasichana balehe walisema wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Kampuni za mitandao hufunga maneno tu. Juni 2025 TikTok iliizuia alama ya #SkinnyTok. Kufunga alama moja ya Kiingereza hakuzuii "Punguza tumbo siku saba".

Kumnyang'anya binti simu si dawa. Mgonjwa wa Mlingotini, ambaye hospitali ya Muhimbili kwake ni nauli na siku nzima ya kazi, huenda simu ndiyo mahali pekee alipomsikia mtu aliyepona.

Wala njaa ya binti anayejinyima haionekani kirahisi. Mwezi wa Ramadhani, na katika saumu za suna za Jumatatu na Alhamisi, anayejinyima chakula hupata sitara ya heshima, ingawa dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Tangu 1999 madaktari wa Uingereza wana dodoso fupi la maswali matano la kubaini matatizo ya ulaji, na la kwanza linahusu kujitapisha. Muuguzi wa Bagamoyo, matroni wa hosteli na mwalimu wa ngoma wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wanaweza kulitumia kesho asubuhi, bila kungoja mtu akonde. Linapungukiwa na swali moja, kwa sababu waliolitunga walikuwa na hofu ya unene peke yake mbele yao: je, unatumia chochote cha kuongeza mwili, na nani alikuonyesha? Mahali pa kulianzishia ni dirisha la duka la dawa, ambako vidonge vya kuleta hamu ya kula huombwa kwa jina.