Siku ya Kuanua Matanga

Kuanua ni kukitoa kitu juani au mvuani na kukiingiza ndani. Mama huanua nguo, mkulima huanua mtama, na wafiwa nao huanua matanga. Yamkini wazee waliona kwamba majonzi nayo, yakiachwa nje mno, huharibika. Ndiyo maana wakayawekea siku. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na aliye mjamzito hungoja hadi ajifungue. Siku zikitimia, akitaka kujipamba hujipamba, na akiposwa si aibu. Kwingineko ndugu hunyoa nywele na kugawa nguo za marehemu.

Mjini tumebaki na mazishi, mlango wa kutokea tumeusahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi aliyefiwa na mwenzi wake likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4. Baada ya hapo ni kazi, kodi ya nyumba na ada.

Mfikirie baba aliyeachwa na watoto watatu katika chumba na ukumbi. Siku ya mazishi sote tulimwambia, "Jikaze kiume." Akajikaza kweli. Jina la mkewe halitaji. Chakula cha jirani hukirudisha kwa shukrani fupi. Kwa watoto amebakiwa na maneno ya kuamrisha tu: amka, oga, soma, lala. Wala simlaumu, kwani ngao hiyo ndiyo iliyomwinua kitandani alfajiri na kuwavusha watoto wake mwaka wa kwanza.

Lakini mwaka wa pili umekwisha, naye angali ameishika. Binti yake akiuliza, "Baba, picha ya mama iko wapi?" hujibiwa, "Kamalize kazi ya shule." Mtoto hana uwezo wa kupambanua kati ya baba anayezuia machozi na baba asiyemjali. Atachagua jibu lililo karibu, tena atakua nalo.

Je, nani kati yetu tuliomwambia ajikaze amerudi kumwambia alegeze? Hilo, kwa maoni yangu, ni deni la ndugu na majirani kabla halijawa lake.

Naye aanze na jambo dogo. Jirani akileta sahani ya wali, aipokee. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, hivyo hana budi kubisha hodi kule siku nyingine, na aghalabu mazungumzo huanzia mlangoni. Kisha amwite dada yake Jumapili moja, wafungue sanduku la nguo pamoja na watoto. Machozi yakimtoka mbele yao, asikimbilie uani. Binti achague kanga aitakayo, aulize yote anayotaka kuuliza, na baba ajibu. Kanga moja yeye mwenyewe aibakize. Sijasikia mila inayokataza.