MOTOKARI YA MBIO: YA ESANSE AO YA UMEME?



Tangu mwanzo wa trimestre hii mabishano katika internat ni yale yale. Wamoja wanasema: mutu akipata feza nyingi anunue motokari ya esanse yenye moteri ya nguvu, kama BMW M5 ao Subaru Impreza. Wengine wanajibu: hapana, wakati wa esanse unapita, anunue ya umeme, kama Tesla. Wadogo wa kalasi ya saba wanasikiliza na kupiga makofi kwa yule mwenye sauti kubwa. Sisi waandikaji wa gazeti hili tumeona vizuri kuyapima maneno haya kwa hesabu, kisha kusema wazi tunawaza nini. Mwenye kuwaza tofauti atuandikie, fasi iko.

Tuanze na watu wa esanse, maana wao njo wengi.

Hawakukosa sababu. Subaru Impreza ilipata sifa yake karibu na sisi. Katika Safari Rally ya Kenya, Colin McRae alishinda nayo mwaka 1997, na Richard Burns alishinda nayo mwaka 2000. Haikuwa njia laini ya Ulaya. Ilikuwa vumbi, matope na mawe, kama tunavyojua hapa. Tena, moteri ya esanse inajulikana. Ikikufa Butembo, utapata mekanisie mbele ya jua kuzama. Ikikosa mafuta, iko mutoto kando ya njia na chupa zake juu ya meza, na kwa dakika mbili unaendelea na safari. Hiyo si kitu kidogo, tutairudilia.

Sasa watu wa umeme. Nao wako na haki, na kwa mbio wanashinda kabisa. BMW M5 Competition yenye farasi 625, ukitoka fasi umesimama, inafika kilometre 100 kwa saa katika sekunde 3,3. Tesla Model S Plaid, iliyotoka mwaka 2021, inafika kwa sekunde kama 2 na kidogo. Sababu yake ni fizika tu. Moteri ya esanse haina nguvu yake yote mpaka izunguke kwa haraka, njo maana inahitaji sanduku ya vitesi. Moteri ya umeme inatoa nguvu yake ya kuzungusha tangu mara ya kwanza unapokanyaga. BMW yenyewe imekubali jambo hili: M5 mupya ya mwaka 2024 inabeba moteri ya umeme pamoja na ile ya esanse.

Wala umeme si kitu cha jana. Mutu wa kwanza kupita kilometre 100 kwa saa ndani ya motokari alikuwa Mubelgiji, Camille Jenatzy, tarehe 29 mwezi wa nne 1899, huko Ufaransa. Motokari yake ilikuwa ya umeme, na ilitembea juu ya mapine ya hewa. Katika miaka ile ile wababu wa inchi hii walikuwa wanalazimishwa kuingia katika pori kutafuta mupira kwa mfalme wa Wabelgiji. Tuweke jambo hili katika kichwa, maana leo iko jambo linalofanana nalo.

Basi kwa mbio tu, kesi imeisha: umeme unashinda. Lakini tunauliza: mbio ya wapi?

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometre 54. Kutoka Beni mpaka Kasindi ni kilometre 80. Katika mwezi wa sita 2021 maraisi wawili, wa Congo na wa Uganda, walikutana kwenye mupaka na kufungua kazi ya kutengeneza njia hizo. Tunafurahi kwa kila metre ya lami. Hata hivi, ni nani kati yetu amekwisha kuona fasi ya kukimbia kilometre 250 kwa saa kati ya Butembo na Beni? Iko kona, ziko mbuzi, wako watoto wanaotoka masomo, wako wamotari wenye abiria watatu, na wako watu wa chukudu wanaoshuka na mizigo ya makala na viazi. Mwenye kutumia sekunde zake 2 ao 3 katika njia hiyo atamaliza safari yake ndani ya nyumba ya mutu. Tena motokari hizo mbili zote ziko chini, tumbo yao inakaribia udongo. Shimo moja la mvua linatosha kuzifundisha adabu.

Kwa hiyo wapiganaji wa pande mbili wanabishana juu ya kitu ambacho njia yetu haiwezi kuwapa. Swali la kweli tunaliona fasi ingine: inakula nini, na chakula chake kinatoka wapi?

Tupige hesabu, na walimu wa fizika watusahihishe. Batri ya Tesla Model S inabeba kama kilowati-saa 100. Ikitumia kama 20 kwa kilometre 100, itatembea kilometre 500 hivi. Vizuri. Lakini tuseme tajiri wetu anaishi katika kartie isiyo na umeme wa maji, naye anajaza batri kwa grupe. Grupe ndogo ya esanse inatoa kama kilowati-saa 2 kwa litre moja. Kujaza batri ile ni litre 50. Grupe ya kilowati 5 italia masaa 20, majirani hawatalala. Yule wa M5, na litre 50 zile zile, kwa litre 12 kila kilometre 100, atatembea zaidi ya kilometre 400. Munaona? Tofauti imekuwa ndogo sana. Motokari inayoitwa safi imekunywa esanse karibu sawa na ile ingine, ila ilikunywa nyuma ya nyumba fasi watu hawaoni.

Lakini umeme ukitoka kwa maji, hesabu inageuka kabisa. Na maji hatukukosa. Mutwanga, chini ya Ruwenzori katika teritware ya Beni, mutambo mudogo wa umeme wa maji ulianza mwaka 2013. Matebe, kule Rutshuru, mutambo wa zaidi ya megawati 12 ulifunguliwa mwaka 2015. Luviro, katika teritware ya Lubero, ulijengwa mwingine. Hata milima yetu inasaidia. Butembo iko juu kuliko Beni. Motokari ya kilo 1.800 ikishuka metre 500, uzito wake unatoa nguvu karibu kilowati-saa 2 na nusu. Katika motokari ya esanse nguvu ile inapotea ndani ya freni kama joto. Mumekwisha kusikia harufu yake kwa malori. Motokari ya umeme inageuza moteri yake kuwa dinamo na kurudisha sehemu nzuri ndani ya batri. Nayo esanse haichimbwi Butembo. Inatoka mbali, inapita Kenya na Uganda mpaka Kasindi, na kila fasi inaacha feza. Mupaka ukifungwa, bei inapanda siku ile ile, na tiketi ya mama anayepeleka maharagi ku soko inapanda nayo. Muto hauna dwane.

Sasa turudi kwa jambo tuliloahidi, lile la chupa kando ya njia. Hili njo neno la nguvu kupita yote katika mukono wa watu wa esanse, na hatutaki kulificha. Tangu mwezi wa kumi 2014 watu wengi sana wameuawa katika teritware ya Beni. Kwenye njia ya Beni na Kasindi motokari zilichomwa moto pamoja na mali yao, na iko familia hapa kwetu ambazo zinajua jambo hili kupita gazeti. Katika njia ya namna hiyo mutu haogopi kwenda pole pole, anaogopa kusimama. Mwenye esanse anaweka chupa tatu na kuondoka. Mwenye batri tupu anangoja masaa mengi fasi alipofikia. Mutu akituambia leo kwamba anasafiri kila juma mpaka Kasindi kwa ajili ya biashara yake, hatuwezi kumwambia anunue ya umeme. Tungekuwa tunacheza na maisha yake.

Na upande wa umeme uko na deni lake pia. Batri nyingi za motokari za mbio zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa katika dunia nzima inatoka Congo, huko Lualaba, upande wa Kolwezi. Ziko batri zingine zinazotengenezwa kwa chuma na fosfate bila kobalti, lakini zile za nguvu nyingi bado zinaitumia sana. Hapa tukumbuke mupira wa zamani za Jenatzy. Zamani mali ilitoka kwetu na motokari ikatembea kwao. Leo udongo unatoka kwetu, batri inatengenezwa kwao, na sisi tunabishana katika internat juu ya rangi ya motokari katika picha. Hilo linatuumiza kuliko bei yake.

Basi tunachagua nini?

Mawazo yetu ni haya. Kama mutambo, ya umeme ni bora. Ina vipande vichache vya kuharibika, inapoteza nguvu kidogo tu, nayo inaweza kula kitu ambacho Mungu alikwisha kutupa katika milima yetu. Lakini motokari ya mbio ya umeme haikufika saa yake Butembo. Batri moja ya kilowati-saa 100 ni umeme unaoweza kutosha nyumba 100 kwa siku moja, kama kila nyumba inatumia kilowati-saa 1 kwa taa, redio na telefone. Mbele ya tajiri mumoja kujaza batri yake, tunataka maternité ipate taa usiku, na mashini ya kusaga muhogo izunguke. Na ile ya esanse ya mbio hatuiombei pia: ni kuchoma dola juu ya njia isiyoiruhusu kukimbia. Aliye na feza leo, tunamushauri motokari ya kawaida, ya juu kidogo, yenye freni nzima. Wenye kutaka sifa watatucheka, wacha wacheke.

Umeme utafika kwetu kwa mulango mwingine, na tunawaza utakuwa ule wa moto. Kigali, tangu mwaka 2019, wako wamotari wanaoendesha moto za umeme. Batri ikiisha wanaibadilisha kwa dakika chache na kuendelea. Butembo na Beni, mutu anapanda moto mara mingi kuliko motokari. Moto moja inabeba batri ndogo, kama kilowati-saa 3. Hiyo iko katika uwezo wetu, na ile hofu ya kungoja masaa inapungua.

Lakini tuseme ukweli wa mwisho. Kati yetu wanafunzi, wengi hawatanunua BMW wala Tesla. Kitu tutakachonunua kwa miaka yetu ni ufundi. Mwisho wa mwaka huu wadogo wa kalasi ya nane watachagua seksyo. Wengi wanaopenda motokari watakimbilia mekanike, na seksyo ya umeme itabaki na wachache, kama kawaida. Tunawaomba wafikiri mara mbili. Mekanisie asiyejua umeme, nyuma ya miaka 15 atafungua motokari na kukuta hakuna kitu anachokijua. Uganda, wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa motokari yao ya umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Ilikuwa ndogo, ya viti viwili. Mwaka 2014 wakatoa ingine ya watu watano yenye umeme na esanse pamoja. Hawakungoja njia yote iwe lami, wala hawakuanza kwa mabishano ya nani anakimbia zaidi.

Kwa walimu na kwa Bwana Prefe tuko na ombi moja, kwa heshima yote. Atelie yetu iko na moteri ya zamani ambayo kila mwaka tunaifungua na kuifunga. Tunaomba pembeni yake tuwekewe moteri moja ya umeme na batri kuukuu, hata za moto, tujifunze kuzifungua pia. Na kwa wenzetu wa internat: usiku mukibishana tena, kila mutu alete karatasi na kalamu. Mwenye hesabu nzuri, tutaitia katika namba inayokuja.

Ni sisi, waandikaji wenu.