Bahati Hupungua, Ujuzi Huongezeka

Katika nyumba nyingi neno bahati hutamkwa upesi. Askari akipandishwa cheo, majirani husema kwamba ana bahati. Mtoto akianguka mtihani, wazazi hujifariji kwamba hakubahatika. Wahenga walionya: bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Onyo hilo limo hata katika michezo ya dadu ambayo asili yake ni mafunzo ya kijeshi.

Mwaka 1824 Luteni von Reisswitz wa jeshi la Prussia alichapisha kanuni za mchezo wa vita kwa ajili ya maofisa. Vikosi vilisogezwa juu ya ramani, mwamuzi alisimamia, na dadu ziliamua hasara. Haikuwa kamari. Vitani hata amri njema huweza kupatwa na jambo lisilotazamiwa, na dadu zilimzoeza ofisa kulikabili.

Miaka 150 baadaye, mwaka 1974, Wamarekani wawili wapenzi wa michezo ya vita, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Humo mchezaji haongozi jeshi, bali huigiza mtu mmoja wa kubuni, huku msimulizi akieleza hatari zinazomkabili. Nguvu na akili za mtu huyo zilipatikana kwa kurusha dadu tatu. Hiyo ndiyo bahati ya kuzaliwa. Cheo chake, hata hivyo, hakikutoka katika dadu hizo. Mpiganaji alihitaji pointi 2,000 za uzoefu ili apande daraja ya pili, na pointi 8,000 ili aitwe shujaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1982 Waingereza Steve Jackson na Ian Livingstone walitoa kitabu cha mchezo kwa mtu mmoja, The Warlock of Firetop Mountain. Humo bahati ni akiba inayohesabiwa. Mchezaji hurusha dadu mbili. Jumla isipozidi akiba yake, amebahatika. Lakini kila aijaribupo, afaulu asifaulu, hupunguziwa moja. Mwenye 9 hufaulu kwa miangukio 30 kati ya 36. Akiijaribu mara tatu, hubaki na 6, na nafasi zake huwa 15 tu.

Ujuzi una desturi nyingine. Katika RuneQuest, mchezo wa mwaka 1978, mhusika aliyetumia ujuzi wake akafaulu hupewa nafasi ya kuuongeza. Anayeanza huongezewa kwa urahisi. Aliye hodari hupata kwa taabu, lakini alichokipata hakipungui kwa kutumiwa.

Basi yafaa wazazi wayapime maneno yao. Mtoto aambiwaye kwamba hana bahati hupewa udhuru. Aulizwaye ni swali gani lililomshinda hupewa kazi ya kesho. Hali kadhalika askari husafisha bunduki yake kabla ya zamu, kwa kuwa hajui siku hiyo itamletea nini. Bahati ikija, na ipokewe kwa shukrani. Isipokuja, imkute mtu akiwa na kitu chake mwenyewe mkononi.